Miguu Kwanza: Maisha ya Kocha Rudia

Ndugu, majirani, na wachezaji wa zamani na wa sasa: mwanamke aliyelala hapa mbele yenu alikuwa mke, mama, bibi, dada, karani na kocha wa mpira wa wavu. Kamati ya mazishi imeagiza wasifu huu usomwe na mumewe, uwe wa heshima, na usiwe na maneno ya "mimi" na "mke wangu", kwa kuwa umechapishwa kwenye ratiba mliyoshika. Mumewe ni fundi cherehani, kuandika si kazi yake. Lakini ameishi na mtu aliyemrekebisha hata namna ya kuinua ndoo ya maji, kwa hiyo kupokea maagizo anajua sana. Atasoma kama alivyoambiwa. Akiteleza mahali mvumilieni, maana aliyekuwa akimwambia arudie ndiye huyu aliyenyamaza.

Kabla ya yote, kuna jambo ambalo mnaliona na mnanong'onezana, afadhali lisemwe. Pale langoni wamesimama vijana sita wenye suti nyeusi na glavu nyeupe. Wamekodiwa na kaka mkubwa wa marehemu ili wabebe jeneza. Marehemu mwenyewe aliacha neno kwamba abebwe na wachezaji wake wa kikosi cha kwanza, pamoja na mumewe. Kaka mkubwa aliposikia hivyo alishika kiuno. "Shemeji," alisema, "msiba si uwanja wa michezo. Ukimwangusha dada yangu mbele za watu, uso wangu nitauweka wapi?" Watu walibishana mpaka chai ikapoa, na mwisho wakapatana: wachezaji na mumewe watabeba, na vijana wa glavu watasimama karibu, endapo. Hilo "endapo" limemnyima mumewe usingizi tangu Jumatano. Wasifu huu ukiisha, jeneza litainuliwa. Basi tuanze mwanzo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne kati ya watoto watano wa mwashi na muuza mboga. Alikuja duniani miguu ikitangulia. Mkunga alitoka jasho jembamba, na mama mtu aliendelea kumlalamikia mtoto mpaka uzeeni: "Huyu ubishi alianza nao tumboni. Wenzake wote walitoa kichwa, yeye akaona hapana, atoke kwa mtindo wake." Hadithi hiyo marehemu aliipenda mno. Alipokuwa akiwafundisha wasichana kupokea mpira aliwaambia, "Miguu kwanza, mikono baadaye. Mwalimu wenu alizaliwa hivyo na hajapungukiwa kitu." Mumewe ameisikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na nyumbani, kisha akaenda sekondari ya bweni ya wasichana. Huko ndiko alikoukuta mpira wa wavu, na ndiko alikopatia hasira iliyomwendesha maisha yake yote. Mwalimu wa michezo alikuwa mtu mmoja aliyekaa kivulini na gazeti, akipaza sauti, "Pigeni! Pigeni vizuri!" Hakuwa na somo jingine. Marehemu alipiga, mpira ukaenda jikoni. Akapiga tena, ukaenda juu ya paa. Mwalimu akamtoa kwenye timu kwa maneno machache tu, kwamba hana kipaji. Msichana akauliza, "Nakosea wapi, mwalimu?" Akajibiwa, "Unapiga vibaya." Mpaka mwaka huu, mgonjwa, amelala kitandani, akikumbuka jibu hilo alikuwa anakaa kitako kwa ghadhabu. "Baba watoto, hebu niambie. Mtu akikwambia unapiga vibaya, amekwambia nini? Amekwambia nini hasa?" Na mumewe alipaswa kujibu, kila mara, kwamba hajamwambia kitu.

Basi akaanza kujifunza mwenyewe kwenye ukuta wa ghala la shule, jioni, jua likiwa mgongoni. Hapo akaona kivuli chake. Akaona kwamba mikono yake inafika kwenye mpira kwanza na miguu inafuata nyuma kama mtu aliyeitwa kazini kwa lazima. Akaacha kuufikiria mpira. Akawa anakimbilia mahali unapotua, anasimama, anapiga magoti, na hapo tu ndipo anatoa mikono. Mtunza ghala alilalamika kwamba ukuta unadundwa na mahindi hayalali. Mwaka uliofuata msichana yuleyule asiye na kipaji alirudishwa kwenye timu, na alipomaliza shule mwaka 1980 alikuwa nahodha. Mwalimu wa michezo alimpongeza mbele ya shule nzima na kusema amepiga vizuri. Hakumsamehe kwa hilo pia.

Mwaka 1981 aliajiriwa karani katika ofisi ya maji, na huko alifanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2016. Waliofanya naye kazi wako hapa, wanaweza kushuhudia kwamba alikuwa mwaminifu, hodari, na msumbufu kupita kiasi. Tarishi wa ofisi alikuwa hawezi kuinua sanduku la karatasi bila kuambiwa, "Shusha. Piga magoti. Mgongo unyooke. Haya, rudia." Wateja waliokuja kulalamikia bili walijikuta wanaelekezwa namna ya kusimama ili miguu isiume. Meneja mmoja alimwita akamwonya. Alitoka kwenye kikao hicho baada ya kumfundisha meneja kukaa kwenye kiti. Kiti kile meneja alikikalia hivyo mpaka alipohamishwa, na mgongo wake ukapona, jambo ambalo liliwaudhi wenzake zaidi.

Lakini kazi yake hasa ilianza ofisi ilipofungwa. Nyuma ya shule ya msingi ya mtaani kuna kiwanja cha changarawe chenye nguzo mbili. Alikiomba, akapewa, akatangaza kwamba anafundisha wasichana mpira wa wavu bure. Walikuja wengi. Wiki ya kwanza hakuleta mpira. Wiki ya pili hakuleta mpira. Aliwapanga mstari, jua mgongoni, akawaambia watazame vivuli vyao na wapokee mpira usiokuwepo. Alipiga makofi mawili, wakakimbia. Makofi mawili tena, wakasimama na kupiga magoti. Filimbi hakuitaka, alisema inamfanya mtu ashtuke badala ya kuanza. Wazazi walipita, wakasimama, wakatazamana. Mzazi mmoja aliuliza kwa sauti, "Huyu mama ana akili timamu? Mbona watoto wanakamata hewa?"

Jina la Rudia lilianzia hapo. Msichana akikosea hakumfokea wala kumcheka. Alisema tu, "Rudia." Akipatia, alisema, "Haya," na huo ndio ulikuwa mwisho wa sifa zake, neno "vizuri" lilipigwa marufuku kiwanjani. Na alikuwa na utaratibu mmoja uliowachosha watu roho: hakurekebisha makosa mawili kwa pamoja. Msichana anaweza kuwa amekunja viwiko, amefumba macho, amesimama kwa vidole na kumkanyaga mwenzake, na Kocha atamwambia habari ya viwiko peke yake. Waliokaa pembeni walipiga kelele, "Mama, na ule mguu je?" Aliwajibu bila kugeuka, "Mguu zamu yake bado. Nikimpa yote, atabeba lipi?" Alichagua kosa moja, akakaa nalo mpaka life, kisha ndipo akalifuata la pili.

Ni utaratibu mzuri sana huo. Mumewe anapenda ieleweke kwamba nyumbani haukufuatwa hata kidogo. Nyumbani alirekebishwa makosa matatu kabla chai haijachemka.

Kuhusu ndoa. Walikutana mwaka 1983, timu ilipohitaji kaptura. Fundi cherehani alishona kaptura nzuri, za kitambaa cha kudumu, mshono mara mbili, akapeleka kiwanjani mwenyewe kwa sababu alikuwa amesikia kwamba kocha hana mume. Kocha akazishika, akazigeuza ndani nje, akamrudishia. "Hizi ni za kusimama," alisema. "Wangu wanachuchumaa." Fundi akaenda akazipanua, akarudi, akarudishwa tena. Mara ya tatu uvumilivu ulimwisha. Alisema kaptura hizo hata yeye mwenyewe angeweza kuzivaa akacheza. Kocha akamtazama. "Haya, vaa." Mtu mzima, na futi yake ya kupimia shingoni, akaingia darasani akabadilisha nguo, akatoka, akasimama mbele ya wasichana wote. "Chuchumaa," akaambiwa. Akachuchumaa. Mlio wa kitambaa kile kikichanika ulisikika mpaka barabarani, na wachezaji walicheka wakalala chini. Kocha peke yake hakucheka. Aliinama akakagua mpasuko, akamwonyesha kwa kidole, "Umeona? Kosa lako liko hapa kwenye paja. Kiunoni uko sawa." Hakuna mtu aliyewahi kumwambia fundi huyo kosa lake lilipo bila kumtukana. Akashona upya, na akaomba kuoa.

Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984. Mkitaka kujua, ndiyo, walifanya mazoezi ya kuingia ukumbini. Bibi harusi aliwarudisha wasindikizaji mlangoni hadi mpiga picha akaomba aende kula kwanza.

Tangu siku hiyo mumewe akawa mrushaji wa mipira. Akifunga duka alikwenda kiwanjani, akasimama juu ya kreti ya soda, akawarushia wasichana mpira mmoja baada ya mwingine. Aliushona wavu ulipochanika. Alikaa kwenye benchi la dukani kwake, ambalo lilihamia kiwanjani na halikurudi. Hakuwahi kuingizwa kucheza hata kwa mzaha. Siku moja alimsikia Kocha akimsifu kwa mgeni, masikio yakamsimama. "Mume wangu anarusha vibaya," alikuwa akisema, "lakini anarusha vibaya kwa namna ileile kila siku, na ndicho ninachokihitaji." Hiyo ndiyo sifa aliyoipata katika miaka karibu arobaini ya ndoa. Ameitunza.

Kati ya waliopita kwenye kiwanja kile yumo Ngazi, yule mrefu aliyesimama karibu na jeneza, ambaye leo ndiye kocha wa timu. Alikuja akiwa na miaka kumi na mitatu, anapiga smashi mpaka watu wanashika vichwa. Kocha alimtazama jioni moja, akamwondolea mpira. Sababu: anaruka kwa mguu mmoja na kutua kwa huohuo. Akampa kazi ya kuruka na kutua kwa miguu miwili kando ya ukuta, peke yake, wakati wenzake wanacheza. Msimu mzima! Timu ilifungwa na watu ambao hata viatu hawakuwa navyo. Mama wa Ngazi alikuja kiwanjani amejifunga khanga kiunoni.

"Mwanangu ni mchezaji, si chura!" alisema. "Umemweka aruke ukutani mpaka lini?"

"Mpaka miguu yake ijue bila kuambiwa," alisema Kocha.

"Na sisi tunafungwa!"

"Tunafungwa, ndiyo. Goti lake je, unataka adumu nalo mpaka lini, mama?"

Mama akamchukua mtoto wake wakaondoka. Usiku ule mumewe alimwambia Kocha, kwa heshima zote, kwamba ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia, kwamba amempoteza mchezaji aliye bora kuliko wote, na kwamba mrushaji naye amechoka kurushia timu ya kufungwa. Kocha akajibu, "Umeinamisha shingo tena unaposhona, ndiyo maana una hasira." Baada ya muda Ngazi alirudi mwenyewe. Alikuwa amekwenda timu nyingine, wakamwambia apige vizuri. Alicheza mpaka alipokuwa na watoto wawili, na magoti yake ni mazima, mtamwona akipiga hatua leo.

Mwaka 2022 moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Alivimba miguu, akawa anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Daktari wa hospitali alimwambia, mbele ya mumewe, asipige kelele, asisimame muda mrefu, aachane na kiwanja. Akasema sawa. Jioni ile alikuwa kiwanjani. Mumewe alipomuuliza, akasema daktari amemkataza kupiga kelele na yeye hapigi kelele, anaelekeza. Ndivyo walivyoishi miaka miwili, mumewe akificha viatu vya mazoezi na mkewe akivipata. Alipolazwa wodini, nesi alikuja kumgeuza kitandani. Mgonjwa hana nguvu ya kushika kijiko, lakini akafungua jicho moja: "Nesi, mwanangu, utaumia mgongo. Miguu kwanza. Sogea. Haya, rudia." Nesi yule yupo hapa leo, ameomba ruhusa kazini.

Mwezi Aprili mwaka huu madaktari walisema dawa zimefika mwisho, wakamruhusu kurudi nyumbani. Jamaa walilia. Yeye aliomba apelekwe kiwanjani kwa kiti cha plastiki, akawaita wachezaji wa kikosi cha kwanza, ambao sasa ni mama za watu, akawatangazia kwamba watambeba wao na lazima wajifunze. Alikuwa amekwenda kwenye mazishi ya jirani mmoja na kuona wabebaji wanapishana hatua, jeneza linayumba kama kabati kwenye mkokoteni. "Mimi sitaki kuyumbishwa," alisema. "Sijafundisha watu maisha yangu yote ili nizikwe ovyo."

Walikuwa sita, wakabaki watano, kwa sababu mmoja aliteguka kifundo cha mguu akishuka ngazi za kwake. Wakauliza nani ataingia. Kocha akaelekeza kidole kwenye benchi.

"Mtu wa akiba yupo siku zote," alisema. "Fundi, inuka."

Mumewe alidhani anatania. Hakuwa anatania. Benchi hilo likawa ndilo jeneza, na kwa kuwa benchi ni jepesi, akaagiza cherehani ya chuma ya mumewe, ile ya kukanyaga kwa miguu aliyoirithi kwa baba yake, ifungwe juu yake. Hebu fikirini. Mtu anapoteza mke, na kabla hajampoteza anatakiwa atembeze mtaji wake hewani juu ya changarawe! Akapangwa mbele kushoto. Aliomba awekwe nyuma. Akaambiwa, "Nyuma utajificha."

Wale watano walishika mwendo mara moja, walikuwa wamelelewa kwa makofi yale. Mumewe alikuwa na makosa mengi na Kocha alimchagulia moja. Alikuwa anatazama chini. Mtu akitazama miguu yake, bega linashuka, na bega la mbele likishuka, mzigo wote unalala. "Fundi, macho," alisema. "Miguu imeshajua, iache. Tazama mbele. Rudia." Wakarudi mwanzo. Akatazama chini tena. "Rudia." Jioni ya tatu benchi lililala, kamba ikaachia, na cherehani ikashuka kwenye changarawe, gurudumu likapasuka vipande viwili.

Hapo mumewe alisahau kwamba anaongea na mgonjwa. Alipiga kelele mpaka watoto wa shule wakatoka darasani. "Mama watoto, umetuchosha! Umetuchosha wote! Duniani kote, nani umemsikia anafanya mazoezi ya kumzika mkewe, na mke mwenyewe amekaa pale anamkosoa? Ngoja ufe basi, tutajifunza hukohuko!"

Wachezaji waliinamisha vichwa. Marehemu alivuta shali, akapumua taratibu, maana sentensi ndefu zilikuwa zimeanza kumshinda.

"Ukingoja nife," alisema, "nani atakurekebisha?"

Mumewe alikwenda akaokota vipande vya gurudumu.

Kitu ambacho hakumwambia ni hiki. Kiti cha plastiki kiliwekwa mwisho wa kiwanja, mahali palipohesabiwa kuwa ndipo kaburi. Wabebaji walitembea kumwelekea yeye. Kila mumewe alipoinua macho alimwona mkewe pale mbele, amekonda, shali imemmeza, anamsubiri afike na benchi. Hakuwa mzembe wala miguu haikuwa na tatizo. Macho yalikuwa yanashuka yenyewe kwa sababu aliyoyaona hayakutazamika. Kocha aliyejua kosa la kila mtu lilikotoka, hili alilitafuta mabegani, akalitafuta kwenye viatu, akamnunulia hata viatu vingine. Au labda alijua na akaona dawa ni kurudia. Mumewe hajui, na inamkasirisha kwamba hakuuliza.

Jioni ya tarehe 10 Juni walitembea kwa mara ya mwisho. Mumewe aliinua kichwa, akashika mwendo, wakavuka katikati ya kiwanja, benchi limetulia hata glasi ya maji isingemwagika. Wakakaribia kiti. Kocha alikuwa ameegemea mbele, mdomo umefunguka kidogo, na wote waliona kwamba lile "Haya" liko kwenye ulimi. Mumewe akamtazama usoni, na akatazama chini.

"Rudia," alisema Kocha.

"Nimechoka, mama watoto. Kesho."

"Kesho, basi. Lakini urudie."

Asubuhi ya tarehe 11 Juni 2024 mumewe alimpelekea chai kitandani na mkewe hakuamka. Alikuwa amelala chali, mgongo umenyooka, mikono imetulia, hakuna kitu cha kumrekebisha. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Na mtu aliyekula naye, akazaa naye, akamshonea na kumrushia mipira maisha yake yote, ameachiwa neno la mwisho ambalo si kwaheri wala asante. Ni "urudie". Mumewe amelikasirikia neno hilo tangu Jumanne. Alilikasirikia akichagua mbao za jeneza, alilikasirikia jana akishona kitambaa cha ndani kwa mkono, kwa kuwa cherehani haina gurudumu. Bado amelikasirikia. Angetoa kila alicho nacho alisikie tena.

Marehemu ameacha mume. Binti mmoja, mwalimu wa hesabu, ambaye hakuupenda mpira na alisamehewa. Mwana mmoja, fundi umeme. Wajukuu watatu, ambao wote wanajua kupiga magoti kabla ya kuinua kitu. Kaka mkubwa na ndugu wengine. Na wasichana wa kiwanjani, waliokuwa watoto na walio mama, ambao hawana idadi na wote wanajiita watoto wake.

Shemeji, kaka mkubwa, unajua mumewe anakuheshimu. Waambie hao vijana wa glavu wapewe viti wakae, jua ni kali, na wamesimama vibaya, watachoka viuno. Dada yako hatayumba.

Wabebaji, njooni kwenye nafasi zenu. Mumewe atashika kishikio cha mbele kushoto, pale alipopangwa. Marehemu alikuja duniani miguu ikitangulia, na ndivyo atakavyobebwa. Kule mbele pamechimbwa na hakuna kiti wala mtu anayesubiri, lakini mumewe atainua kichwa na kupatazama mpaka afike. Ile kesho aliyomwahidi mkewe imefika, na baada ya hii hakuna kurudia tena. Kocha, lala kwa amani, usikae kitako kwa ajili yetu.

Ngazi, makofi mawili.